Aprili ya Kabaka: Sherehe ya kuzaliwa inayogeuza Mengo kuwa soko

Mfanyabiashara anayepeleka mzigo Kampala mwezi Aprili anapaswa kujua tarehe mbili. Ya kwanza haibadiliki: Aprili 13, siku aliyozaliwa Kabaka Ronald Muwenda Mutebi II, mfalme wa 36 wa Buganda, mwaka 1955. Ya pili huhama kila mwaka. Ni Jumapili ya Mbio za Siku ya Kuzaliwa ya Kabaka, ambapo makumi ya maelfu ya watu waliovaa fulana za aina moja hujaza kilima cha Mengo kabla jua halijachomoza.

Tarehe zote mbili hazimo katika orodha ya sikukuu za kitaifa za Uganda. Benki hufunguliwa, forodha ya Mutukula, Busia na Malaba hufanya kazi kama kawaida, na mahakama hazifungi milango. Hata hivyo, anayeuza kitambaa, viatu vya raba, maji ya chupa, ndizi au kuku anajua kwamba Aprili ya Buganda ina hesabu zake. Asiyezijua anaweza kukuta lori lake limesimama Nateete tangu alfajiri, na mwenzake aliyezijua amekwisha kuuza na kurudi nyumbani.

Siku hiyo pia ina historia nzito kuliko fulana na nyimbo. Ndani yake mna uhamisho, vita, ufalme uliofutwa na kurudishwa, na hata mgogoro wa kwanza mkubwa kuhusu shirikisho la Afrika Mashariki.

Mtoto aliyezaliwa baba akiwa uhamishoni

Mwezi Juni 1953, waziri wa makoloni wa Uingereza, Oliver Lyttelton, alitoa hotuba London iliyogusia uwezekano wa kuunganisha makoloni ya Afrika Mashariki katika shirikisho moja. Kwa walowezi wa Kenya yalikuwa maneno matamu. Kwa Buganda yalikuwa tishio. Kabaka wa wakati huo, Edward Mutesa II, aliona kwamba shirikisho la namna hiyo lingeiweka nchi yake chini ya walowezi wa Nairobi, na ardhi ya Waganda ingekwenda njia iliyokwenda ardhi ya Wakikuyu.

Mutesa alidai Buganda itenganishwe na sehemu nyingine za Uganda na ipewe ratiba ya uhuru wake. Gavana Andrew Cohen alikataa. Walipovutana hadi mwisho, Novemba 30, 1953, Gavana alimpandisha Kabaka ndege na kumpeleka Uingereza.

Watu wa Buganda walilipokea jambo hilo kama msiba. Wapo waliovua nguo za dukani wakarudia kuvaa lubugo, kile kitambaa cha gome la mti, ili kuonyesha kwamba nyumba haina mwenyewe. Ulikuwa ujumbe uliomgusa moja kwa moja mwenye duka la vitambaa, kwa kuwa mteja wake alikuwa ametangaza maombolezo kwa kutonunua.

Ni katika kipindi hicho, Aprili 13, 1955, mtoto Mutebi alizaliwa. Baba yake alikuwa bado London. Mutesa alirudi Oktoba 17 mwaka huohuo, baada ya mazungumzo marefu ya Namirembe na makubaliano mapya na Waingereza. Kwa hiyo miezi sita ya kwanza ya maisha ya Kabaka wa leo ilipita katika nchi isiyokuwa na Kabaka.

Katika zama hizi ambapo Jumuiya ya Afrika Mashariki inazungumzia tena shirikisho la kisiasa, inafaa kukumbuka kwamba Buganda haikuupinga ujirani. Ilipinga kuunganishwa bila kuulizwa. Masharti hayo bado yana uzito kwa yeyote anayetaka mipaka ifunguke.

Kutoka gwaride hadi mbio

Kusherehekea siku ya kuzaliwa ya mfalme si desturi ya kale ya Buganda. Katika mila, siku kubwa ya Kabaka ni ya kutawazwa kwake. Mutebi alitawazwa Julai 31, 1993, katika kilima cha Naggalabi huko Buddo, na kumbukumbu ya siku hiyo, iitwayo Amatikkira, huadhimishwa kila mwaka.

Mtindo wa kuitangaza siku ya kuzaliwa ya mfalme kuwa sherehe ya watu wote uliingia Afrika Mashariki pamoja na bendera ya Uingereza. Waingereza wenyewe wana siku mbili kwa mfalme mmoja: siku aliyozaliwa na siku rasmi ya kuisherehekea. Gwaride lao la Trooping the Colour limehusishwa na siku rasmi ya kuzaliwa ya mfalme tangu 1748. Edward VII, aliyetawala tangu 1901, alizaliwa Novemba, mwezi wa baridi na mvua huko kwao, na katika utawala wake sherehe ilisogezwa hadi kiangazi ili gwaride lipate jua. Desturi hiyo imebaki. Mfalme Charles III alizaliwa Novemba 14, lakini gwaride lake hufanyika Juni.

Enzi za ukoloni, askari wa KAR walipiga gwaride hilohilo katika miji ya Afrika Mashariki, maofisa wakavaa kofia za manyoya, na watoto wa shule wakapangwa juani kuimba wimbo wa mfalme wa mbali. Uhuru ulipokuja, gwaride la siku ya kuzaliwa liliondoka na wenyewe.

Buganda ya leo imechukua umbo hilo na kulijaza mambo yake. Kama London, ina siku halisi na siku ya sherehe. Tofauti ni kwamba mahali pa askari waliopanga mistari, Mengo imeweka wananchi wanaokimbia. Na mahali pa kofia za manyoya, imeweka fulana ambayo mama muuza nyanya anaweza kuinunua.

Yako mambo mawili ya kimila yanayoipa siku hii uzito kwa Waganda. La kwanza ni salamu. Anapotajwa Kabaka, watu hujibu "wangaala", yaani ishi maisha marefu. Siku ya kuzaliwa ni siku ya kulisema neno hilo kwa wingi. La pili ni mwiko. Kwa lugha ya Buganda, Kabaka hafi. Husemwa kwamba moto wa Buganda umezimika. Penye lango la jumba la kifalme huwashwa moto ambao hautakiwi kuzimika maadamu Kabaka yu hai. Kwa watu wenye lugha hiyo, kuhesabu mwaka mwingine wa uhai wa mfalme ni zaidi ya keki. Mwaka 2024, Kabaka alipokuwa Namibia kwa matibabu, neno "wangaala" lilikuwa dua kamili.

Siku ya mbio ilivyo

Mbio zimekuwapo kwa zaidi ya mwongo mmoja sasa. Huanzia na kuishia katika Lubiri, jumba la kifalme la Mengo, na huwa na masafa matatu: kilomita 5, 10 na 21. Wanaokimbia kilomita 21 huwa wamejiandaa. Katika kilomita 5 utamkuta kila mtu: bibi mwenye mkongojo, waziri, mwanafunzi, dereva wa bodaboda, mchungaji na sheikhe.

Kiingilio ni fulana. Anayeinunua amekwisha kuchangia, na mapato huenda katika afya. Miaka ya mwanzo fedha zilielekezwa kwa wanawake wenye fistula. Baadaye zikaenda kwenye ugonjwa wa selimundu, ambao katika Uganda unagusa familia nyingi ambazo hazijui hata kwamba zimeubeba. Kisha zikaelekezwa kwenye mapambano dhidi ya Ukimwi, kwa wito kwamba wanaume wapime, watibiwe na wamlinde mtoto wa kike, ili ugonjwa huo ukome kuwa tishio ifikapo 2030. Tangu 2017 Kabaka ni balozi wa hiari wa UNAIDS kwa ajili ya kuwahamasisha wanaume katika mashariki na kusini mwa Afrika.

Uchaguzi wa magonjwa hayo una sababu. Fistula ni ugonjwa wa aibu. Mwanamke anayevuja mkojo hujificha, na mara nyingi huachwa na mume. Selimundu hurithiwa, na kabla ya vipimo watu waliita uchawi. Ukimwi nao una unyanyapaa wake. Daktari akisema "kapimeni", wengine husikiliza na wengine hupita. Kabaka akisema, mwanamume wa Buganda aliyegoma kwenda kliniki miaka kumi huona haya kubaki nyuma. Ndiyo faida ambayo serikali na mashirika ya afya huiona katika jina la mfalme.

Wakati wa corona, mikusanyiko ilipozuiwa, watu waliambiwa wakimbie karibu na nyumba zao wakiwa na fulana zao, na tarehe zikasogezwa. Mbio hazikufa. Badala yake, vijiji ambavyo havikuwa vimewahi kuziona vilizipata mlangoni.

Njia yenyewe ni somo la historia. Kati ya Lubiri na Bulange, lilipo bunge la Buganda liitwalo Lukiiko, kuna barabara iliyonyooka iitwayo Kabakanjagala, maana yake "Kabaka ananipenda". Pembeni yake kuna sanamu za alama za koo za Waganda. Katikati kuna mzunguko wenye lango. Magari yote huzunguka. Kabaka peke yake ndiye hupita katikati, kwa kuwa mila inasema Kabaka hapindi njia. Mgeni anayefuata simu yake ya ramani hukumbushwa hapo kwamba kuna wakubwa wa barabara kuliko lori lake.

Mbali na mbio, kuna ibada za shukrani. Kanisa kuu la Anglikana lipo Namirembe, la Katoliki lipo Rubaga na msikiti mkuu wa ufalme kihistoria ni wa Kibuli, na dini zote tatu humwombea Kabaka. Uwiano huu si jambo dogo katika nchi ambayo mwishoni mwa karne ya 19 ilipigana vita vya dini ndani ya Mengo hiyohiyo.

Kanzu, gomesi na lubugo

Kwa mfanyabiashara, mahali pa kutazama ni mavazi. Wakati wa mbio ni fulana, lakini wakati wa ibada na mapokezi ni kanzu na gomesi, na hapo ndipo mkono wa pwani unapoonekana.

Kanzu ilifika Buganda pamoja na wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili katika karne ya 19, enzi za Kabaka Suuna II. Msafara wa Ahmed bin Ibrahim ulifika katika jumba lake mwaka 1844, ukitokea pwani kupitia bara la Tanzania ya leo. Waganda waliipokea nguo hiyo, wakaipa darizi yao ya rangi ya kahawia iliyoiva shingoni na kifuani, kisha wakaivalia koti juu. Leo Mwislamu na Mkristo wote huivaa. Anayetoka Dar es Salaam au Mombasa na marobota ya kanzu nyeupe za mtindo wa Oman atagundua haraka kwamba mteja wa Kampala anatazama shingo kwanza. Kama darizi si ile ya Kiganda, bei hushuka au mzigo hurudi.

Gomesi, au busuti, ni vazi la wanawake lenye mabega yaliyochongoka, vifungo viwili kushoto na mkanda mpana kiunoni. Jina lake linasimuliwa kuwa la fundi wa Kigoa aliyeitwa Gomes, aliyewashonea wanafunzi wa kike wa Gayaza mwanzoni mwa karne ya 20. Gomesi moja hula kitambaa kingi, na ndani yake huvaliwa shuka nzito ili likae vizuri. Vazi hili limevuka mpaka zamani: Busoga wanalivaa, na akina mama wa magharibi mwa Kenya, kuanzia Busia hadi Bungoma, wanalijua vizuri. Mwenye duka la vitambaa Busia hauzi kwa Kabaka tu, anauza pia kwa harusi za Kenya.

Na lazima isemwe kwamba Aprili ni nyongeza tu. Mahitaji makubwa ya kanzu na gomesi kwa mwaka mzima hutoka kwenye kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi wa binti. Upande wa bwana harusi huja na msululu wa wanaume wenye kanzu, na wanawake wote huvaa gomesi. Mfanyabiashara anayeleta mzigo wa Aprili na ukabaki hana haja ya kulia. Wikendi za kwanjula haziishi.

Lubugo nalo limerudi sokoni. Hutengenezwa kwa gome la mti wa mutuba, ambalo huvunwa wakati wa mvua, likalainishwa na kupigwa kwa nyundo za mbao hadi lipanuke na kuwa laini kama kitambaa cha rangi ya udongo. Shina lililovuliwa gome hufungwa majani ya mgomba lisikauke, nalo huota gome jipya. Kazi hii ni ya urithi wa ukoo wa Ngonge, na UNESCO iliitambua mwaka 2005 kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu. Kabaka hulivaa akitawazwa. Zamani lubugo lilikuwa pia sanda, ndiyo sababu wazee wengine hushtuka wakiona vijana wameligeuza kofia, mikoba na mazulia. Wageni wa Aprili hawana woga huo, nao hununua.

Amakula na oluwalo

Mtu haendi kwa Kabaka mikono mitupu. Zawadi apelekewayo mfalme huitwa amakula: mikungu ya matoke, mbuzi, kuku, kahawa, mayai, mboga. Mchango wa fedha unaopelekwa Bulange na watu wa masaza, yaani kaunti 18 za Buganda, huitwa oluwalo. Masaza hupangiana zamu, na kila kundi huja na ngoma, mabango na viongozi wake.

Ukihesabu mizunguko hiyo unapata soko. Ndizi lazima zitoke shambani, mbuzi lazima wanunuliwe, magari lazima yakodiwe. Mkulima wa Buddu, kaunti inayopakana na Mutukula, ndiye muuzaji wa karibu, lakini ndizi za Kagera na za Buganda ni ndugu, na mpaka haujawahi kuzitenganisha kwa ladha.

Jambo moja mgeni alijue mapema: michango hii ni ya hiari. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 246, inatambua viongozi wa kimila, lakini inasema hakuna anayeweza kulazimishwa kuwa mtiifu kwao au kuchangia gharama za kuwatunza. Anayekuja kibandani kwako na kitabu cha stakabadhi akidai "ushuru wa Kabaka" hana sheria nyuma yake. Ukipenda, changia kwa moyo mweupe kupitia Bulange. Usipopenda, funga mdomo kwa adabu na uendelee kuuza.

Ufalme ndani ya jamhuri

Ibara hiyohiyo inakataza viongozi wa kimila kushiriki siasa za vyama. Msingi wake ni jeraha. Mutesa II alikuwa Kabaka, na kuanzia Oktoba 9, 1963 akawa pia Rais wa Uganda, huku madaraka ya serikali yakiwa mikononi mwa Waziri Mkuu Milton Obote. Mafahali wawili hawakukaa zizi moja. Mei 24, 1966, jeshi lilishambulia Lubiri. Mutesa alitoroka, akavuka mipaka hadi Burundi, kisha London, ambako alifariki Novemba 21, 1969. Mwaka 1967 falme zote za Uganda zilifutwa, na jumba la Mengo likawa kambi ya jeshi. Katika enzi za Idi Amin likawa mahali pa mateso.

Mutebi alikuwa na miaka 11 mwaka ule wa 1966. Alikulia na kusoma Uingereza, akarudi baada ya NRM kushika madaraka mwaka 1986, na akatawazwa 1993 falme ziliporudishwa, safari hii bila mamlaka ya kiserikali.

Uhusiano wa Mengo na serikali umekuwa wa kupanda na kushuka. Mbaya zaidi ulikuwa Septemba 2009, wajumbe wa Kabaka walipozuiwa kwenda Kayunga. Ghasia zilizofuata Kampala na miji mingine ziliua watu zaidi ya 20, redio ya ufalme, CBS, ikafungwa, na barabara zikawekwa matairi yanayoungua. Wafanyabiashara waliokuwa na maduka katikati ya mji wanakumbuka jinsi siku chache zilivyoweza kumeza faida ya miezi. Machi 16, 2010, makaburi ya wafalme ya Kasubi, yaliyokuwa kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, yaliteketea kwa moto. Ilichukua hadi Septemba 2023 kuondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Ukiwa na historia hiyo kichwani, unaelewa kwa nini mbio zina maana kuliko afya peke yake. Lubiri iliyowahi kuzungukwa na wanajeshi hujaa watu asubuhi moja, mawaziri wa serikali na wa ufalme wakiwa wamevaa fulana moja. Kila mwaka siku hiyo inapopita salama, mji mzima hupumua, na wa kwanza kupumua ni mwenye bidhaa.

Majirani wasio na wafalme

Kwa msomaji wa Tanzania, Rwanda au Burundi, haya yote yanaweza kuonekana ya kigeni, lakini hayakuwa mbali. Tanganyika iliondoa mamlaka ya machifu mwaka 1963. Rwanda iliachana na ufalme mwaka 1961, na Burundi mwaka 1966. Uganda ndiyo iliyochagua kurudisha, na leo ina falme kadhaa.

Kwa hiyo kalenda ya mfanyabiashara haishii Mengo. Toro ina Omukama Oyo, aliyetawazwa Septemba 12, 1995 akiwa na miaka mitatu tu. Fort Portal huwa na sherehe ya Empango kila ifikapo tarehe hiyo. Bunyoro ina Empango yake Juni 11, siku aliyotawazwa Omukama Solomon Gafabusa Iguru mwaka 1994. Ngoma, kanzu, ng'ombe na wageni ni vilevile.

Kusini zaidi, kwa wanaofanya biashara hadi nchi za SADC, mambo ni tofauti, kwa sababu huko siku ya kuzaliwa ya mfalme ni sikukuu ya taifa. Eswatini hupumzika Aprili 19, siku aliyozaliwa Mfalme Mswati III mwaka 1968. Ni siku hiyo ya mwaka 2018, alipotimiza miaka 50, alipotangaza kwamba Swaziland itaitwa Eswatini. Lesotho hupumzika Julai 17, siku aliyozaliwa Mfalme Letsie III. Benki na ofisi hufungwa siku hizo. Anayesubiri malipo au hati akumbuke.

Mambo ya kuzingatia Aprili

Kwa anayepanga safari ya Kampala, yafuatayo yatamsaidia.

Kwanza, thibitisha Jumapili ya mbio mapema. Hutangazwa na Mengo na husikika CBS kwa wiki kadhaa. Ikigongana na Pasaka au mambo mengine, husogezwa. Usitegemee tarehe ya mwaka jana.

Pili, epuka kuingia mjini asubuhi ya Jumapili hiyo kwa barabara ya Masaka. Kutoka Mutukula ni zaidi ya kilomita 200, na njia hiyo inaingilia Nateete na Ndeeba, jirani kabisa na Lubiri. Barabara za kuzunguka Mengo hufungwa, na Katwe, Ndeeba na Kisenyi huzibana. Fika Jumamosi au ingia baada ya mchana.

Tatu, usichapishe fulana. Muundo wa mwaka ni mali ya ufalme na wadhamini wake, na mapato yake ni ya wagonjwa. Anayekamatwa na fulana bandia hupoteza mzigo na jina. Vitu vya pembeni havina mwenyewe: viatu, soksi, kofia, taulo, miavuli, maji na matunda. Aprili ni mwezi wa masika, na mwavuli haujawahi kuwa bidhaa mbaya Kampala.

Nne, tumia utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya. Mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000, uliozalishwa ndani ya nchi wanachama na ukiwa katika orodha iliyokubaliwa, hupewa cheti rahisi cha asili ya bidhaa hapohapo mpakani na hausumbuliwi na ushuru wa forodha. Lakini jora la kitambaa lililotoka China au kanzu iliyoshonwa Oman haliwi la Afrika Mashariki kwa kupita Kariakoo. Hilo hulipiwa. Kanzu iliyoshonwa na kutariziwa hapa ni habari nyingine, ili mradi inatimiza masharti ya asili, na hapo ndipo fundi wa Tanga au Kisumu ana nafasi ya kujifunza shingo ya Kiganda.

Tano, adabu. Usimtaje Kabaka kwa jina lake tupu mbele ya wenyeji. Sema Ssaabasajja au Kabaka. Usifanye mzaha kuhusu afya yake. Ukiona watu wamepiga magoti au wamelala kifudifudi, usipige picha ya kuchekea. Mteja aliyedharauliwa mfalme wake hanunui, hata bei ikiwa nzuri.

Na ukiwa na nafasi, nunua fulana halali ukatembee zile kilomita 5. Utachangia matibabu ya mtu usiyemjua, na katika mwendo huo wa saa moja utakuwa umetembea bega kwa bega na wenye maduka wa Kikuubo, wasafirishaji wa Nateete na akina mama wa soko la Owino.